Ladha ya Kuliwa na Ladha ya Kuvutwa: Matini ya Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi



Katika Visiwa vya Unguja na Pemba hakuna haja ya kumweleza mtu ladha ni kitu gani. Karafuu, mdalasini, iliki na mchaichai ni mambo ya kila siku, jikoni na sokoni. Linalohitaji maelezo ni namna usalama wa ladha hizo unavyopimwa pindi zinapokamuliwa kutoka katika mmea, au zinapotengenezwa kiwandani na kutiwa katika vyakula. Na kwa nini kipimo hicho, hata kikifanywa kwa uaminifu, hakina nguvu pale kitu kinapoacha kuliwa kikaanza kuvutwa.

Yafaa kuanza na karafuu yenyewe. Harufu na ukali wake hutokana zaidi na kemikali iitwayo yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Kemikali hiyo imepimwa na kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kukutana mwaka 1956. Kamati iliweka kiasi kinachokubalika kuliwa kila siku, maisha yote, kuwa kisichozidi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa kawaida viwango vya namna hii hupatikana kwa kuwalisha wanyama kemikali inayohusika kwa viwango mbalimbali, kutafuta kile kisichowadhuru, kisha kukigawanya kwa mia moja: kumi kwa sababu mwanadamu si panya, na kumi nyingine kwa sababu wanadamu nao hawalingani, kuna mzee, mgonjwa na mtoto.

Hesabu hiyo ikiletwa jikoni hueleweka upesi. Mtu mwenye kilo 60 anaruhusiwa miligramu 150 kwa siku. Karafuu moja kavu ina uzito wa takriban moja ya kumi ya gramu, na mafuta yaliyomo hayazidi sana miligramu 20. Chungu cha pilau chenye karafuu kumi, kikiliwa na watu wanane, humpa kila mmoja miligramu 25 hivi hata kama hakuna kilichopotea na mvuke. Hakuna la kuhofia hapo. Lakini kijiko cha chai cha mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa ni jambo jingine kabisa: ni gramu tano hivi, yaani zaidi ya mara ishirini ya kiwango cha mtu mzima, na mtoto wa kilo 10 kiwango chake ni miligramu 25 tu. Yamekwisha kuandikwa na madaktari matukio ya watoto wadogo walioharibika ini na kupoteza fahamu baada ya kunywa kiasi cha kijiko kimoja au viwili cha mafuta hayo. Chupa inayowekwa nyumbani kwa ajili ya jino iwekwe juu, mbali na mikono ya watoto.

Kemikali za ladha ni maelfu, na nyingi hutumika kwa kiasi kidogo mno, hivyo haikuwezekana kila moja ipimwe kwa mapana kama yujenoli. Kwa hiyo wataalamu huziweka katika makundi matatu kwa kutazama umbile la molekuli zake. Kundi lisilotiliwa shaka hupewa kikomo cha mikrogramu 1,800 kwa mtu kwa siku, la kati mikrogramu 540, na linalotiliwa shaka zaidi mikrogramu 90. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1958 iliruhusu kitu kitiwe katika chakula bila kibali maalumu endapo wataalamu wenye ujuzi wamekubaliana kuwa ni salama kwa matumizi yaliyokusudiwa. Tangu mwaka 1960 kazi hiyo, kwa upande wa ladha, imefanywa na jopo la wataalamu lililoundwa na chama cha watengenezaji wa ladha wenyewe. Wapo wanaouliza, na si bila ya sababu, kama inafaa mwenye duka ndiye amlipe anayekagua mizani. Hata hivyo orodha za jopo hilo huchapishwa, na wengine huweza kuzikosoa.

Maneno ya kuzingatiwa katika sheria hiyo ni yale ya "matumizi yaliyokusudiwa". Kiwango cha chakula kinachukulia kwamba kitu kitapita tumboni, kitafika katika ini, na huko kitavunjwavunjwa kabla ya kusambaa mwilini. Kinachovutwa hakipiti njia hiyo. Hutua moja kwa moja juu ya ngozi laini ya mapafu, kikiwa kimepashwa moto, na kutoka hapo huingia katika damu bila ya kusubiri ini.

Gharama ya kulisahau jambo hilo ilidhihirika katika kiwanda kimoja cha bisi za mikrowevu katika jimbo la Missouri, Marekani. Mwezi Mei mwaka 2000 daktari mmoja aliiarifu idara ya afya ya jimbo hilo kuhusu watu wanane waliowahi kufanya kazi kiwandani humo, wote wakiwa na ugonjwa adimu wa kuziba kwa vijia vidogo vya hewa ndani ya mapafu, ugonjwa usioponyeka. Wanne miongoni mwao walikuwa katika orodha ya kungoja kupandikizwa mapafu. Wakaguzi walipofika waliwakuta wafanyakazi wakichanganya mafuta ya soya, chumvi na ladha ya siagi katika mapipa yaliyopashwa moto, na mvuke ukipanda nyusoni mwao. Ladha hiyo ilikuwa na dayasetili, kemikali ambayo imo kwa asili katika siagi halisi na iliyokuwa ikihesabiwa salama kwa chakula. Vipimo vya wafanyakazi waliokuwapo vilionesha kuzibika kwa njia za hewa kwa kiwango cha mara 3.3 ya kile kilichotarajiwa. Mlaji wa bisi hizo mezani hakuwa katika hali hiyo. Aliyeumia ni aliyesimama juu ya pipa.

Viwanda kadhaa viliacha dayasetili na kuweka mahali pake kemikali ya jamii yake, pentanidioni. Majaribio kwa wanyama yakaonesha kwamba nayo huharibu njia za hewa. Mwaka 2016 taasisi ya Marekani ya usalama kazini ilipendekeza vikomo kwa zote mbili katika hewa ya kazini: sehemu 5 katika bilioni kwa dayasetili na 9.3 kwa pentanidioni. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Harvard walikuwa wamepima ladha 51 za sigara za kielektroniki, na dayasetili ikaonekana katika 39.

Visiwa hivi navyo vinahusika na habari ya kuvuta ladha. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, ambako karafuu hukatwakatwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek. Kiwango cha miligramu 2.5 kilichotajwa hapo juu hakikuwahi kumhusu mvutaji wa kretek, ingawa karafuu ni ile ile. Marekani ilizipiga marufuku sigara hizo mwaka 2009, lakini hoja iliyotumika ilikuwa ya kuwakinga vijana wasivutiwe na ladha.

Limebaki suala la bangi. Hapa Visiwani bangi ni haramu kisheria, na mazungumzo haya hayana nia ya kulifungua jambo hilo. Lakini katika majimbo kadhaa ya Marekani, na Kanada tangu mwaka 2018, huuzwa madukani: kuna biskuti na peremende za kuliwa, na kuna mafuta ya kuvutwa kwa kifaa cha umeme. Mafuta hayo hutiwa manukato ya limau, ya msonobari, au ya mirsini, ambayo imo pia katika mchaichai. Mwaka 2017 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Portland State walionesha kwamba manukato ya namna hiyo, yakichomwa kwa joto kali kama lile la wavutaji wa bangi iliyokolezwa, hutoa metakroleini na benzini. Watengenezaji wa ladha wenyewe wametamka kwamba idhini ya jopo lao ni ya chakula peke yake, wala haihusu kinachovutwa.

Tamko hilo halikuwafikia wote. Katika kiangazi cha mwaka 2019 vijana waliokuwa wazima walianza kulazwa hospitali za Marekani wakiwa wanashindwa kupumua. Hadi tarehe 18 Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na waliokufa 68. Maji yaliyooshewa mapafu ya wagonjwa 51 yalipochunguzwa, 48 yalikutwa na vitamini E asetati, iliyokuwa ikitiwa katika mafuta ya bangi ya magendo ili yaonekane mazito. Kitu hicho ni kile kile kinachouzwa katika vidonge vya vitamini na kupakwa ngozini. Walioitia pengine waliona lebo ya chakula wakaridhika nayo.

Kwa hiyo watumishi wanaokagua bidhaa bandarini na madukani wanaombwa, wakutanapo na kichupa cha mafuta ya kuvutwa, wasikubali cheti cha usalama wa chakula kuwa ni jibu, bali watake kuelezwa kila kilichomo na kipimo kilichofanywa kwa njia ya kuvuta. Aidha, wenye kazi za kuchanganya ladha za unga au za maji katika mapipa ya moto wafungue madirisha, wafunike mapipa na wavae vizuia-mvuke vinavyofaa. Na yeyote aliyevuta mafuta ya namna hiyo kisha akapata kikohozi kisichokoma, kubanwa kifua au kuishiwa pumzi, afike hospitali mapema, akiwa na kichupa chenyewe mkononi, na amweleze daktari alichovuta bila ya kuficha.