Giselle Asiyesamehe: Dada Masilo na Baleti Kongwe

Katika baleti ya Giselle, kama inavyochezwa tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1841, binti wa kijijini anadanganywa na mwana wa kabaila aliyejifanya mtu wa kawaida. Anarukwa na akili, anafariki, kisha usiku, akiwa mzimu, anamwokoa mwanamume yule yule asiuawe na mizimu wenzake. Kwa karibu karne mbili watazamaji wametokwa na machozi kwa huruma hiyo. Mwaka 2017, mjini Oslo, Giselle wa Dada Masilo alifika kwenye usiku ule ule, akamkabili mwanamume yule yule, akamuua.

Mhadhara huu unamhusu mtunzi huyo wa dansi kutoka Soweto, na hasa uamuzi ule. Ipo njia rahisi ya kuifanya kazi kongwe ionekane ya kisasa: wavue wachezaji mavazi ya kifalme uwavishe jinzi, punguza violini utie ngoma, kasri uligeuze klabu ya usiku. Kazi za aina hiyo ni nyingi, na nyingi husahaulika kabla bango halijabanduliwa ukutani. Masilo naye aligusa mavazi, akagusa na muziki, lakini alichokwenda kukichokonoa ni hukumu iliyomo ndani ya hadithi: nani anatakiwa kuvumilia, nani anasamehewa, nani anaruhusiwa kumpenda nani. Hukumu ikigeuka, mwili wa mchezaji hauwezi kubaki ulivyokuwa.

Alizaliwa Februari 1985, akapewa jina la Dikeledi, na utoto wake ukaangukia miaka ya mwisho ya ubaguzi wa rangi. Alianza kucheza na kikundi cha wasichana cha mtaani, The Peacemakers, kule Meadowlands, kisha akaingia The Dance Factory, katikati ya Johannesburg, chini ya Suzette Le Sueur. Kizazi kimoja nyuma, mlango huo usingefunguka. Serikali ya makaburu iligharimia makundi ya baleti kwa fedha za umma, lakini jukwaa lilikuwa la Wazungu. Johaar Mosaval, kijana wa District Six mjini Cape Town, ilimbidi avuke bahari mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili aweze kucheza. Huko London alipanda hadi kuwa miongoni mwa wachezaji wakuu wa Royal Ballet, wakati nchini kwake sheria zilimkataza hata kukaa alikozaliwa.

Masilo alivuka bahari kwa sababu nyingine. Akiwa na miaka 19 alikwenda Brussels kusoma P.A.R.T.S., shule ya Anne Teresa De Keersmaeker, mtunzi wa Kibelgiji ambaye dansi zake hujengwa kwa hesabu na marudio. Alikaa miaka miwili, akarudi nyumbani. Mwaka 2008 alipata tuzo ya Standard Bank ya wasanii chipukizi katika fani ya dansi, na kuanzia hapo kazi zikafuatana kama za mtu aliyekuwa akingoja ruhusa: Romeo and Juliet mwaka 2008, Carmen 2009, Swan Lake 2010.

Swan Lake ndiyo iliyomtangaza duniani, na inafaa kukaa nayo kidogo.

Ile iliyozoeleka huchukua zaidi ya saa mbili. Ya Masilo ni kama saa moja. Wachezaji wote, wanaume kwa wanawake, wamevaa sketi za tutu nyeupe, na wote wako miguu mitupu. Mapema kabisa anatoka mzungumzaji kuwaeleza watazamaji, kwa dhihaka, jinsi hadithi za baleti zinavyofanana: wasichana kwenye mwanga wa mbalamwezi, mwanamume aliyepotea njia, mapenzi, kifo. Ukumbi unacheka. Ni hila nzuri, kwa sababu aliyekuja akiogopa baleti anajua sasa kwamba hakuna mtihani, na aliyekuja akiijua anagundua kwamba anataniwa.

Kisha unakuja mgogoro. Siegfried, mwana wa mfalme, anashinikizwa na wazazi amwoe Odette, yule bata-maji mweupe, nafasi aliyoicheza Masilo mwenyewe. Katika hadithi ya zamani, Odile, yule bata-maji mweusi, ni binti wa mchawi anayetumwa kumlaghai mwana wa mfalme. Hapa Odile ni mwanamume, na Siegfried anampenda kweli. Mchawi hana kazi tena. Nafasi yake imechukuliwa na familia, majirani na vigelegele vya harusi ambayo bwana harusi haitaki. Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutaja mwelekeo wa kijinsia katika katiba miongoni mwa mambo ambayo mtu habaguliwi kwayo, na ndoa za jinsia moja zikaruhusiwa huko mwaka 2006. Lakini katiba ni jambo moja, na sebule ya mzee mwenye mtoto wa kiume ambaye hajaoa ni jambo lingine. Masilo alikwenda sebuleni.

Asichokifanya ni kumgeuza Odette kuwa adui. Bibi harusi aliyekataliwa anabaki na uchungu wake kamili, hapunjwi ili wapenzi wawili wapate kung'aa. Mwishoni tutu zimeondoka. Wachezaji wanarudi wakiwa na sketi nyeusi ndefu, muziki umetoka kwa Tchaikovsky ukahamia kwa Arvo Pärt, piano ya polepole sana, na mmoja baada ya mwingine wanaanguka. Katika nchi iliyozika vijana wengi kwa UKIMWI, picha hiyo haikuhitaji maelezo.

Mafundi wa dansi hupenda kusema kwamba baleti hupanda na ngoma za Kiafrika hushuka. Ni kweli nusu. Baleti ya jadi humfundisha mchezaji kuukana uzito: viatu vya ncha, mgongo ulionyooka, pumzi iliyofichwa asije mtazamaji akajua kwamba mtu anachoka. Dansi za Kizulu hufanya kinyume, mguu unaipiga ardhi na ardhi inajibu. Lakini Masilo hakuwa akigawa jukwaa, kipande hiki cha Ulaya na kile cha nyumbani. Vyote viwili vilikaa katika mwili mmoja kwa wakati mmoja: mikono ya bata-maji bado inapiga mbawa kwa adabu ya St Petersburg, na nyonga zimeshahamia harusini Soweto. Wachezaji wake walipumua kwa sauti, walipiga kelele, walicheka, walitaniana. Yeye mwenyewe, mwembamba, kichwa kimenyolewa, alicheza kwa kasi iliyomfanya mtazamaji ahisi kwamba muziki ndio unaokimbia kumfuata.

Wapo waliouliza, na bado wanauliza, kwa haki gani mtu huikatakata kazi ya asili namna hiyo. Swali hilo linahitaji kwanza kuonyeshwa asili yenyewe. Swan Lake ilichezwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1877 kwa utunzi wa Julius Reisinger, na haikupokewa kwa shangwe. Inayochezwa leo inatokana na ile ya St Petersburg ya mwaka 1895, ambayo Marius Petipa na Lev Ivanov waliitunga upya Tchaikovsky akiwa ameshafariki, muziki wake ukiwa umepangwa upya na Riccardo Drigo. Ile mizunguko 32 ya mguu mmoja ambayo mashabiki huihesabu kwa vidole iliingia kwa sababu mchezaji wa Kiitaliano, Pierina Legnani, alikuwa akiiweza. Wakati wa Kisovieti wapenzi wale wa ziwani walipewa hata mwisho wa furaha. Giselle nayo, kabla ya kutufikia, ilipita mikononi mwa Petipa. Kinacholindwa kwa jina la asili, mara nyingi, ni toleo la mtu wa mwisho aliyekuwa na mamlaka ya kubadilisha.

Masilo, kwa hiyo, aliingia kwenye foleni ndefu. Mwaka 1982 Mats Ek wa Sweden alimpeleka Giselle katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1984 Dance Theatre of Harlem ya New York iliihamishia baleti hiyo Louisiana, miongoni mwa watu weusi waliokuwa huru kabla utumwa haujafutwa. Mwaka 1995 Mwingereza Matthew Bourne akawapa wanaume nafasi za bata-maji, kifua wazi, wenye hatari ya ndege halisi, na onyesho hilo likafika hadi Broadway. Mwaka 2016 Akram Khan, kwa kundi la English National Ballet, alimfanya Giselle kuwa mfanyakazi mhamiaji aliyefungiwa nje ya ukuta wa kiwanda cha nguo. Kila mmoja alihamisha nyumba, tabaka, jinsia au karne. Hata hivyo, Giselle wa Louisiana alisamehe, na wa ukutani alisamehe. Msamaha ulionekana kama nguzo ambayo ukiigusa paa linashuka.

Katika kazi ya Masilo, kijiji ni cha wakulima wa Afrika Kusini walioinama shambani, nyuma yao michoro ya William Kentridge ikionyesha mandhari ya nchi yenye majimaji na majani. Muziki ni wa Philip Miller, wenye vipande vya Adolphe Adam, aliyeutunga ule wa mwaka 1841, vikipita kati ya sauti za waimbaji na midundo. Mama yake Giselle si yule mama wa baleti anayehangaikia moyo dhaifu wa mwanawe. Ni mkali, na ulimi wake unakata. Udanganyifu wa Albrecht, yule mwana wa kabaila, unapofichuka, wanakijiji hawasimami kando kwa huzuni ya kupangwa. Wanamzunguka wakimcheka. Anayemuua Giselle ni mpenzi, lakini kicheko cha majirani kimemsaidia sana.

Sehemu ya pili ndiyo iliyoleta mjadala. Malkia wa mizimu, Myrtha, ambaye katika Ulaya ya karne ya 19 ni mwanamke mweupe kama ukungu, hapa ni sangoma, mganga wa jadi, na aliyemcheza ni mwanamume, Llewellyn Mnguni, akiwa na usinga mkononi. Mtazamaji wa Ulaya huenda aliuona usinga huo kama pambo. Mtazamaji wa kwetu hahitaji kuambiwa kwamba mwenye usinga ana mamlaka ya kuita na kufukuza. Mizimu inayomfuata imevaa nyekundu, na si mabikira peke yao waliokufa kabla ya harusi: wamo wanaume na wanawake, kila aliyevunjwa moyo. Hawaelei. Wanakanyaga kwa kishindo. Albrecht anapoletwa mbele yao, Giselle hamkingi.

Wakosoaji waliolalamika hawakuwa wajinga, na mhadhara huu hauna haja ya kuwafanya hivyo. Katika Giselle ya zamani, huruma ndiyo inayoshikilia mvutano: binti anajaribu kumchelewesha mwanamume asife hadi alfajiri, na kila hatua ni dakika iliyoibwa. Ukiondoa huruma, alfajiri haina maana tena na tunajua mapema mambo yanakoelekea. Kwa upande wa ujenzi wa tamthilia, kuna kilichopotea. Kilichopatikana ni swali ambalo baleti ilikuwa haijawahi kulazimika kulijibu: kwa nini heshima ya aliyeumizwa ipimwe kwa wema wake kwa aliyemuumiza? Katika Afrika Kusini, nchi ambayo Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza kusikiliza mashahidi mwaka 1996 na kuufanya msamaha kuwa jambo la taifa, binti anayekataa kusamehe hadharani hazungumzi na mpenzi wake peke yake. Masilo hakuwa na haja ya kulisema hilo kwa mdomo.

Mwaka 2021 alikuja na The Sacrifice, jibu lake kwa The Rite of Spring, baleti ya Stravinsky na Nijinsky iliyozua zogo Paris mwaka 1913. Toleo la Pina Bausch wa Ujerumani lilikuwa limemshika tangu akiwa mwanafunzi. Safari hii hakuuchukua muziki wa Stravinsky kabisa. Alirudi darasani, mtunzi mwenye jina kubwa, kujifunza dansi ya Kitswana, ya jamii yake mwenyewe, na miguu yake midogo ya haraka inayoiga wanyama wa porini. Wanamuziki walikaa jukwaani pamoja na wachezaji, na sauti ya mwimbaji Ann Masina ilibeba nafasi ya mama anayemtoa mwanawe. Pengine hii ndiyo kazi yake iliyokomaa kuliko zote, ingawa ndiyo isiyo na maringo ya tutu.

Hamlet ilifuata mwaka 2024. Tarehe 29 Desemba mwaka huo huo Dada Masilo alifariki Johannesburg baada ya kuugua kwa muda mfupi, akiwa na miaka 39.

Limebaki suala la urithi, ambalo linavihusu vyuo moja kwa moja. Hatua za Petipa zilinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu ziliandikwa, katika mfumo wa alama uliobuniwa na Vladimir Stepanov, na kwa sababu Nicholas Sergeyev alitoka Urusi baada ya mapinduzi akiwa na makasha ya karatasi hizo. Kwazo aliwafundisha Waingereza Giselle na Swan Lake katika miaka ya 1930, na leo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Kazi za Masilo zimebaki kwenye video na katika miili ya waliocheza naye. Video inaonyesha mguu ulipotua. Haionyeshi ulikokuwa ukitafuta uzito wake, wala pumzi ilikokatwa. Nafasi kubwa aliitunga kwa mwili wake mwenyewe, kwa kasi yake mwenyewe. Atakayetaka kumrudisha jukwaani Giselle yule itambidi aanzie kwa wachezaji hao, awaketishe mmoja mmoja na awaombe wainuke waonyeshe, wakati bado wanacheza.