Kuharisha kwa Watoto Wadogo na Suala la "Meno ya Plastiki"

Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii



Nimeombwa nizungumzie ukubwa na vyanzo vya kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Maana yake wote tunaijua: choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. Vyanzo navyo tunavijua: virusi vya rota, bakteria, maji machafu, kutonawa mikono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watoto wapatao 440,000 kila mwaka duniani. Hapa Tanzania chanjo ya rota inatolewa tangu mwaka 2013, wiki ya 6 na ya 10. Mengine yamo kwenye vitabu vyenu vya mafunzo.

Ninalotaka tulikalie ni lile ambalo ratiba imeliweka chini ya "mengineyo". Mtoto wa miezi mitano anaharisha, ana homa. Bibi anamfungua kinywa, anaona ufizi umetuna mahali pa chonge, anatamka kuwa ni meno ya plastiki. Mtoto anapelekwa kwa mganga, ufizi unachimbwa kwa kisu au spoki ya baiskeli, kinatolewa kitu cheupe, laini. Familia inaridhika, maana imekiona kwa macho.

Kitu hicho ni chonge changa. Chonge za utotoni huota kwenye miezi 16 hadi 20 hivi, lakini mtuno wake huonekana mapema, kwa mtoto mwenye afya na kwa mgonjwa vilevile. Kinachotuponza ni umri. Miezi hiyohiyo mtuno unapoonekana, kinga aliyozaliwa nayo mtoto inapungua, anaanzishiwa uji, anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Anaharisha, na lawama inaliangukia jino. Tena kuharisha kwa virusi aghalabu hukoma kwenyewe baada ya siku chache, sifa akachukua mganga. Imani iliyojengwa hivyo haibomolewi na bango la ukutani, hata likiwa na rangi nne.

Watoto tunaowapokea baada ya kuchimbwa ufizi wana damu isiyokoma au maambukizi. Hatari ya pepopunda na VVU ipo. Anayepona huweza kukua bila chonge, au na meno ya kudumu yaliyoharibika umbo. Kwenye rejista huandikwa "kuharisha" au "upungufu wa damu", basi. Siilaumu idara yoyote. Rejista haina pa kuandika zaidi. Lakini tusishangae tukiambiwa tatizo halipo.

Mapendekezo. Mtoto anayeharisha apewe ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14, huku akiendelea kunyonya. Ni agizo la zamani na bado halijatimia. Mama aonyeshwe ufizi wa kawaida siku ya chanjo ya wiki ya 6, kabla bibi hajamwonyesha. Bibi naye aalikwe kliniki, kwani uamuzi wa kwenda kwa mganga si wa mama peke yake. Matabibu wa kinywa wahusishwe kwenye kliniki za watoto, kama ilivyokwisha kupendekezwa huko nyuma. Waganga waitwe tuzungumze nao. Anayetishiwa polisi tu huhamia kuchimba usiku. ORS isikosekane zahanati, maana mama aliyekuta kabati tupu hatasikiliza somo letu la meno. Rejista iongezwe safu ya "ufizi umechimbwa". Na kwa idhini ya Mwenyekiti narudia hilo la safu: wakati tunasubiri rejista mpya, inaweza kuchorwa kwa rula kuanzia Jumatatu.