Kuingia Si Kuungana: Nyuzi za Mwanga na Kasi Zake



Lalamiko tutakalolizungumza leo limekwisha kutufikia kwa sura nyingi, nasi tumechagua moja. Mfanyabiashara mmoja ana duka upande huu wa barabara na ghala upande wa pili, umbali wa mita 180. Majengo hayo yaliunganishwa zamani kwa kebo ya nyuzi za mwanga, ambayo wengi wetu huiita faiba, na mawasiliano yalikwenda kwa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde bila taabu. Akanunua kwa ajili ya duka swichi mpya ya gigabiti 10 pamoja na moduli yake ya mwanga, yaani kile kidude cha chuma kiingiacho katika tundu la swichi na kugeuza umeme kuwa mwanga. Ghalani akaacha vifaa vya zamani. Moduli iliingia, kebo ikaingia, lakini taa ya muunganisho haikuwaka. Fundi akasema kebo imekufa. Barabara ikachimbwa, kebo nyingine ya aina ile ile ikalazwa, na taa ikakataa kuwaka vile vile.

Kebo ya kwanza ilikuwa nzima.

Kosa hili lina chanzo chake katika mazoea ya waya za shaba. Ukiunganisha kwa waya wa shaba kompyuta ya megabiti 100 na swichi ya gigabiti 1, vifaa hivyo huulizana kwanza, kisha huchagua kasi ambayo vyote viwili vinaiweza. Katika nyuzi za mwanga za aina tunazozungumzia hakuna mashauriano hayo juu ya kasi. Kiwango cha Ethaneti ya gigabiti 1 kwa nyuzi, kilichotolewa mwaka 1998, huziruhusu pande mbili kupatana juu ya mambo machache, na kasi haimo. Kile cha gigabiti 10, cha mwaka 2002, hupanga tarakimu zake kwa namna nyingine kabisa. Cha kwanza hugeuza kila biti 8 kuwa 10 na kutuma ishara bilioni 1.25 kwa sekunde. Cha pili hugeuza kila biti 64 kuwa 66, na ishara zake hupita bilioni 10.3. Mwanga unafika ng'ambo, ila hakuna wa kuusoma.

Sehemu ya lawama tunaiweka juu ya umbo. Moduli za kasi hizo mbili hufanana kama mapacha, na hata urefu wa wimbi la mwanga waweza kuwa mmoja: nanomita 850 kwa masafa mafupi, 1310 kwa marefu. Tafadhali msichungulie ndani ya kebo ili kuhakikisha. Mwanga huo hauonekani vizuri kwa macho, na baadhi ya vifaa hutoa wa kutosha kulidhuru jicho. Someni lebo. Moduli ya gigabiti 1 mara nyingi huandikwa 1.25G au 1000BASE. Ya gigabiti 10 huandikwa 10G au 10GBASE.

Mfanyabiashara wetu alihitaji moduli moja tu ya gigabiti 1 upande wa duka, iliyo sawa na ile ya ghalani. Swichi nyingi za gigabiti 10 huikubali, ingawa baadhi hudai kasi ipangwe kwa mkono, na nyingine huikataa kabisa. Basi mwulizeni muuzaji kabla ya kulipa, na jibu lake liandikwe kwenye risiti. Hakuna ubaya kuwa na kasi mbalimbali katika mtandao mmoja. Swichi hupokea pakiti kwa kasi ya tundu moja na kuitoa kwa kasi ya tundu jingine, kwa kuwa umbo la pakiti halibadiliki. Linalotakiwa ni kila kebo iwe na kasi moja katika ncha zake zote mbili.

Anayetaka gigabiti 10 kote hana budi kuitazama na kebo. Zile za zamani zenye ganda la rangi ya chungwa mara nyingi zina kiini cha maikromita 62.5. Hubeba gigabiti 1 kwa mita 220 au zaidi, lakini gigabiti 10 kwa moduli za kawaida za masafa mafupi huishia kama mita 33. Kebo ya daraja la OM3 hufika mita 300. Ile ya njia moja, yenye kiini cha maikromita 9 hivi, hufika kilomita 10 kwa moduli za masafa marefu. Mfanyabiashara huyo, baada ya kulipia uchimbaji bure, angelazimika kuchimba tena.

Neno dogo kwa wenye faiba nyumbani. Katika nyumba nyingi, kisanduku cha ukutani hutumia mfumo ambamo wateja kadhaa hugawana uzi mmoja, wala si Ethaneti ya kawaida. Msikiondoe mkaweka kigeuzi cha dukani, hata kama plagi inaingia.

Sasa tunapokea maswali. Aliyekuja na kifaa chake akilete hapa mezani, tuisome lebo pamoja.