Mama wa Mapacha na Umbo la Mti



Jioni hii twataka kusema juu ya sanamu ndogo za mti, ambazo wazee wa pande hizi za ziwa Mweru na milima ya Marungu walizichonga kwa mikono yao. Sababu ya fundisho hili ni mama mmoja wa hapa Pweto, aliyetujia baada ya Misa akiwa na kitu amekifunga katika kitambaa. Alikuwa amezaa mapacha. Mmoja yu hai; wa pili alifariki siku ya tatu, kabla ya kubatizwa. Bibi yake akamchongeshea umbo la mti, urefu wake kama kiganja, akamwambia: "Mlishe huyu pamoja na mwenzake, asije akamwita." Mama akatuuliza: "Je, nilitupe motoni?"

Ifahamike kwanza kitu chenyewe ni nini. Watabwa walichonga sanamu za wazee wao waliokufa, wakaziita mipasi. Nyingi husimama wima, mikono juu ya tumbo, nywele zimesukwa na kushuka mgongoni; nazo zimepambwa kwa pembe tatu ziitwazo balamwezi, maana yake kuandama kwa mwezi mpya. Hizo zilikuwa za machifu na wakubwa wa ukoo. Lakini umbo la pacha aliyekufa, yaani mpundu, ni la mama. Mtoto aliye hai akiogeshwa, nalo huogeshwa. Akipakwa mafuta, nalo hupakwa. Huwekewa na bukari kidogo.

Wageni nao walizitamani sanamu hizo. Mnamo Desemba 1884 watu wa Emile Storms, askari Mbelgiji aliyekuwa Mpala, walimwua chifu Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, pamoja na sanamu ya ukoo wake, ambayo baadaye iliingia katika jumba la makumbusho la Tervuren. Twalitaja jambo hili ili mtu asidhani kwamba kila sanamu iliyotoka katika nchi yetu ilitolewa kwa uongofu.

Turudi kwa yule mama. Sanamu ya Bikira Maria kanisani nayo ni mti, au chokaa iliyopakwa rangi. Twaiwekea maua, wala hatuipi chakula, kwa kuwa twajua kwamba Maria hakai ndani yake. Basi anayeamini kwamba umbo lisipolishwa litamwua mtoto, huyo ameupa mti uwezo ulio wa Mungu peke yake. Hapo fundisho halina shaka.

Lakini mama huyu hakuletwa na hofu tu. Aliletwa na huzuni. Zamani walimu wengi, na sisi pamoja nao, tulikuwa wepesi kusema: "Choma!" Tukamrudisha mama nyumbani mikono mitupu, bila neno lolote juu ya mtoto wake. Si ajabu kwamba wengine walichongesha tena usiku.

Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo, aliyewekwa wakfu mwaka 1917, alizaliwa katika watu hao hao wa mipasi. Na mwaka 1988 Roma ilikubali ibada ya Misa kwa majimbo ya Zaire, ambamo wahenga wenye moyo mnyofu huitwa pamoja na watakatifu. Kwa hiyo kuwakumbuka wafu wetu si jambo la kuona haya. Tena Katekisimu ya mwaka 1992 yatufundisha kuwakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu. Nao wanateolojia wa Roma, katika maandiko yao ya mwaka 2007, walionyesha sababu za kutumaini kwamba wameokolewa.

Tukamwambia: "Mama, chakula ni cha yule aliye hai. Huyu mwingine hana njaa, wala hamwonei mwenzake kijicho." Akalia sana. Kisha akatutajia jina alilompa mtoto, ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tukaliandika katika orodha ya marehemu wa Novemba.

Umbo lenyewe hatukumnyang'anya. Alilifunga tena katika kitambaa, akauliza kama bibi yake aweza kuja naye Jumapili.