Kabla ya Kuuza Shamba la Nyumbani na Kuhamia Mbali
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Katika vikundi tunavyotembelea tunasikia neno moja: shamba limekwisha. Baba alikuwa na ekari nne, wana ni sita, na kila mmoja ana watoto wake. Kisha anakuja broka na ramani mkononi. Anasema, "Uza ekari yako moja hapa, nikupatie kumi kule Laikipia." Mtu akisikia kumi, moyo unaruka.

Sisi hatusemi msihame. Wengi wamehama na wakafanikiwa. Tunalosema ni hili: shamba la nyumbani lisiuzwe kabla hamjajua maji ya kule, hati ya kule, ruhusa inayotakiwa na majirani mtakaoishi nao. Ukishauza hapa, na kule kukukatae, utarudi wapi?

1. Maji na mvua
Tuanze na hiyo Laikipia. Baada ya uhuru, ranchi kadhaa za walowezi zilinunuliwa na makampuni ya wananchi, kila mtu akichanga hisa yake. Ranchi zikakatwa vipande vidogo. Kwenye karatasi kila kipande kilionekana kizuri. Lakini sehemu kubwa ya nchi ile iko upande ambao Mlima Kenya na Nyandarua huzuia mvua. Vipande vingine viko mbali sana na mto. Watu wengi waliopata hati hawakuenda kuishi huko hata siku moja, kwa sababu ekari tano bila maji haziwezi kulisha nyumba. Pengine hicho ndicho kipande unachouziwa leo.

Kwa hivyo nendeni mkaone, tena mwende mwezi wa kiangazi. Mwezi wa mvua kila mahali ni kijani. Waulizeni akina mama wa pale: mnateka maji wapi, na mnatembea saa ngapi? Kisima kina chumvi? Ndovu huingia shambani? Zahanati na shule ziko umbali gani? Kama mnatoka sehemu za baridi kwenda sehemu za joto, ulizeni habari ya malaria, kwa maana watoto wa baridi hawajaizoea.

Ulizeni pia mbegu. Mahindi ya milimani kama H614 hutaka kama miezi sita shambani. Kule mvua ikikatika baada ya miezi miwili, yatakauka kabla ya kubeba. Ndiyo sababu wakulima wa sehemu kavu hupanda Katumani, ambayo hukomaa kwa miezi mitatu hivi.

2. Hati na historia yake
Wengine husema, "Nimeona hati, yatosha." Haitoshi. Oktoba 2023, kule Mavoko, Kaunti ya Machakos, nyumba nyingi zilibomolewa katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua ni ya kampuni ya saruji. Waliobomolewa walikuwa wamelipa pesa zao na wamejenga kwa mawe. Mwaka huohuo wa 2023, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya ploti moja ya Mombasa kwamba hati peke yake haimlindi mnunuzi, kama ardhi ile ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo.

Basi fanyeni sachi katika ofisi ya usajili wa ardhi ya mahali pale. Kama rekodi za huko zimeingizwa katika Ardhisasa, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa mwaka wa 2021, sachi itafanywa humo. Fanyeni wenyewe au kwa wakili wenu. Msikubali sachi ya kuletewa na muuzaji. Chukueni ramani, mwite mpima ardhi awaonyeshe mipaka. Kuna watu waliojenga kwa jirani wakidhani ni kwao.

Tena angalieni jina. Kama hati ingali kwa jina la marehemu baba yake, na urithi haujamalizwa mahakamani, huyo kijana hana la kuuza. Na kama ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, haiuzwi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yakataza.

3. Ruhusa ya bodi, na ya nyumbani
Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi. Maombi yapelekwe kabla ya miezi sita kwisha tangu siku ya kufanya makubaliano. Yasipopelekwa, au bodi ikikataa, makubaliano hayana nguvu, hata kama mlikula mbuzi pamoja.

Mke wa muuzaji, au mume, lazima akubali. Na wewe unayetaka kuuza la nyumbani, mwenzako amekubali? Wababa, hapo msinyamaze! Sheria yawalinda akina mama katika ardhi ya familia, na mama ndiye atakayechota yale maji ya mbali.

Pesa zipitie benki, na makubaliano yaandikwe na wakili. Msimpe broka pesa mkononi ati "za kushikilia shamba".

4. Majirani
Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wengi walikuwa na hati halali. Hati haikuzima moto. Kwa hivyo mwone chifu na wazee kabla ya kununua. Waulizeni: shamba hili lina ugomvi? Nani hulisha mifugo hapa wakati wa kiangazi, na njia ya kwenda mtoni iko wapi? Ukifunga njia hiyo kwa seng'enge, umeanza vita. Ukifika, jifunze lugha ya pale, nenda matangani, ingia katika kikundi chao.

Kikundi chaweza kufanya nini?
Msimwache mtu aende peke yake. Chagueni watu watatu, mmoja wao awe mama, waende wakakague na kuleta ripoti. Nauli ya watu watatu ni ndogo kuliko ekari moja iliyopotea. Na ikiwezekana, anayetaka kuhama akodishe kwanza nusu ekari kule, alime msimu mmoja. Kama shamba lile litamlisha, ataliona mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana
– Katika kijiji chetu, nani alihama, na alipata nini kule?
– Kabla ya kuuza, tumelitumia vizuri shamba dogo tulilo nalo?
– Broka akija wiki ijayo, tutamwuliza nini kwanza?