USUKANI UKICHEZA, GARI LISITOKE

Mazungumzo yetu mbele ya vikundi vya kujisaidia, Kuruwitu

Tumeombwa tuseme juu ya gari la kikundi chetu, na hasa juu ya ile shida ya usukani iliyotupata. Tutasema wazi, hata pale tulipokosea, maana tukificha makosa hatutakuwa tumemsaidia mtu.

Wengi wenu mnalijua gari letu. Ni pikapu kuukuu tuliyoinunua kwa mchango wa vikundi viwili, cha wavuvi na cha kina mama wanaosuka makuti. Asubuhi inapeleka samaki na pweza Mtwapa, siku nyingine mpaka Kongowea. Ikirudi inabeba barafu, unga, saruji. Usiku mtu akizidiwa, ndiyo ya kumkimbiza hospitali Kilifi. Kwa hiyo gari likilala gereji, shughuli nyingi zinalala nalo. Na hiyo ndiyo sababu tuliogopa kulilaza.

Mambo yalivyokuwa

Dereva wetu alikuja kwenye kamati akasema, "Jamani, stelingi inacheza. Hata nikienda moja kwa moja, nahangaika nayo kama mtu anayepiga kasia." Tukamwambia avumilie. Mkutano wa kwanza tulisema tungoje hesabu ya pweza. Wa pili tukasema tumalize kwanza ada za shule. Wa tatu hatukuligusa jambo hilo kabisa. Naye dereva akazoea. Hapo ndipo penye hatari, ndugu zetu. Mtu huzoea ubovu kidogo kidogo kama anavyozoea harufu ya samaki, mpaka hausikii tena.

Halafu fundi mmoja akatuambia ana dawa rahisi. Akaingia chini ya gari, akakaza skrubu moja, akatoka. Kweli, kule kucheza kukapungua. Tukalipa kidogo, tukafurahi. Baada ya siku chache dereva akaona jambo jingine: akikata kona, usukani unashika, haurudi wenyewe. Tukamwambia, "Ni kwa sababu imekazwa tu, italainika."

Jioni moja tulikuwa tunarudi kutoka Mtwapa. Nyuma kulikuwa na masanduku matupu na watu tisa, jambo ambalo lenyewe si halali wala si la busara, nasi tunakiri. Tulipoiacha barabara kuu ya Mombasa–Malindi tuingie njia ya kuja huku pwani, usukani ukashika. Gari halikunyooka. Likaendelea kukata kona mpaka likaingia mtaroni na kugonga mti.

Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini mama mmoja alivunjika mkono. Miezi mitatu hakuweza kusuka makuti, na makuti ndiyo yanayomlisha yeye na wajukuu zake. Kikundi kililipa matibabu, kikalipa kuvutwa kwa gari, kikapoteza mauzo ya siku nyingi. Tulipopiga hesabu, fedha zilizotoka zilizidi bei ya ile raki tuliyokataa kununua. Na mkono wa yule mama hauna bei.

Raki ni kitu gani?

Neno usukani wazee wetu walikuwa nalo baharini kabla magari hayajafika. Kila nahodha anajua: mashua ambayo usukani wake umelegea haitoki, hata bahari ikiwa shwari namna gani. Gari nalo ni vivyo hivyo.

Dereva anapozungusha usukani, chuma kirefu kinashuka mpaka chini na kuzungusha gia ndogo. Gia hiyo inang'ata meno ya fimbo ya chuma iliyolala kutoka kushoto kwenda kulia. Fimbo hiyo ndiyo raki. Inasukumwa huku na huku, na katika kila ncha yake kuna mkono unaovuta au kusukuma gurudumu. Mikono hiyo mafundi huiita tairodi. Pale mkono unapoungana na raki hufunikwa na mpira wenye mikunjo kama kinanda cha kukunja, ili vumbi na maji visiingie.

Si kila pikapu ina raki. Peugeot 504, ambazo zamani zilijaa katika njia zetu na zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, zina raki. Land Rover za zamani na Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zina sanduku la stelingi badala yake. Hilux za muundo ulioanza mwaka 2005 zina raki. Kabla ya kununua spea yoyote, jueni kwanza gari lenu ni la aina gani.

Huku kwetu raki huchoka upesi. Njia zetu ni za mawe ya matumbawe, zinapiga magurudumu kila hatua. Upepo una chumvi. Maji ya samaki na barafu yanatiririka chini ya gari kila siku. Ule mpira ukipasuka hata kidogo, mchanga na chumvi vinaingia, na kazi ya kusaga chuma imeanza. Mpira ni wa bei ndogo. Raki ni ya bei kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jinsi ya kupima wenyewe

Vipimo hivi havihitaji fundi. Vinahitaji watu wawili na robo saa.

1. Simamisheni gari mahali tambarare, magurudumu yawe yamenyooka. Kama stelingi ni ya nguvu za oili, washeni injini. Mmoja asogeze usukani polepole kushoto na kulia, mwingine atazame gurudumu la mbele. Usukani ukisogea zaidi ya upana wa vidole viwili hivi, yaani kama sentimita 3, na gurudumu bado halijatikisika, kuna kitu kimelegea.

2. Zimeni injini. Inueni gurudumu la mbele kwa jeki na mwekee gari egemeo imara. Likamateni gurudumu upande wa mbele na upande wa nyuma, mlitikise. Likicheza, tazameni chini: ni tairodi, au ni raki yenyewe? Halafu likamateni juu na chini. Likicheza hivyo, kosa laweza kuwa beringi au boli jointi, wala si raki. Msinunue raki kwa ugonjwa wa beringi.

3. Shikeni ile mipira yenye mikunjo. Kama imepasuka, ibadilishwe. Kama ndani yake mna oili, sili za raki zimekwisha.

4. Tazameni tairi za mbele. Zikilika upande mmoja, au gari likiyumba njia nzuri, au mkisikia ko-ko-ko mkipita kwenye mawe, msinyamaze.

5. Geuzeni usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Ukiwa mwepesi katikati na mzito pembeni, gari lisitoke siku hiyo. Hii ndiyo dalili tuliyoipuuza sisi.

Kukaza, kutengeneza, au kubadilisha?

Sasa tuwaeleze kwa nini ile dawa ya skrubu ilitudhuru, maana watu wengi bado wanaipenda. Gari huenda moja kwa moja kwa muda mwingi kuliko linavyokata kona. Kwa hiyo meno ya katikati ya raki ndiyo yanayolika kwanza. Meno ya pembeni yanabaki karibu mapya. Ile skrubu kazi yake ni kuibana fimbo dhidi ya gia. Ukiikaza mpaka meno yaliyolika yasicheze, basi yale ya pembeni ambayo hayajalika yanabanwa kupita kiasi. Ukifika konani, raki inashika. Gari linaonekana limepona, kumbe limeugua zaidi.

Skrubu ile iko kwa ajili ya kurekebisha kidogo tu, na fundi anayejua kazi huzungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili kabla hajasema amemaliza. Msimlipe kabla hajafanya hivyo mbele yenu.

Yapo mambo yanayotengenezeka: mipira, bushi, sili, na tairodi. Lakini meno yakiisha, au fimbo ikiliwa na kutu, hapo ni kubadilisha. Na jambo moja tunawaomba mlishike: raki na tairodi hazichomelewi. Chuma kilichochomelewa hapo kinaweza kukatika ghafla, na kikikatika gurudumu halina mwenyewe.

Mkinunua iliyotumika, angalieni iwe ya gari la usukani wa kulia kama yetu. Iliyotoka nchi ambako usukani uko kushoto haitawafaa, hata muuzaji aseme nini. Nendeni na raki kuukuu dukani mzilinganishe: urefu, matundu ya bolti, mabomba. Izungusheni kutoka mwisho hadi mwisho. Ikiwa laini sawasawa mpaka mwisho, bila kushika na bila kuruka, ni nzuri.

Kazi yenyewe

Mwenye kazi ni fundi, lakini kikundi kiwe na mtu wa kusimama pale na kuangalia. Sisi tuliweka vijana wawili, na leo wanajua.

Kwanza magurudumu yanyooshwe na usukani ufungwe usizunguke hovyo. Waya ya betri itolewe. Gari liinuliwe na kuwekwa juu ya maegemeo. Jeki peke yake si egemeo. Msimruhusu kijana yeyote kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Kabla hajafungua kitu, fundi apime urefu wa kila tairodi na kuandika, na atie alama ya rangi pale ule mkono wa usukani unapoungana na raki. Alama hizi zinaokoa siku nzima. Ndipo afungue pini na nati za tairodi, azitoe kwa pula, afungue mabomba ya oili akiyaziba yasiingie mchanga, na mwisho afungue bolti zinazoshika raki.

Raki mpya iwekwe katikati kabla ya kufungwa: izungushwe kutoka mwisho hadi mwisho huku mizunguko ikihesabiwa, kisha irudishwe nusu. Bolti zikazwe sawasawa. Pini za nati ziwe mpya, msirudishe za zamani. Kama ni ya oili, tieni oili safi, na usukani uzungushwe polepole mara nyingi magurudumu yakiwa juu, injini ikiwa imezimwa kwanza, hadi mapovu yaishe.

Halafu gari lipelekwe polepole kupimwa alaimenti. Wengi huiacha hatua hii ili kuokoa fedha, kisha wanazipoteza kwenye tairi. Baada ya juma moja, nati zote zitazamwe tena.

Mapatano yetu sasa

Ndugu zetu, fundi alikosea, lakini kosa kubwa lilikuwa letu. Dereva alisema, nasi tulikuwa na masikio. Kwa hiyo tumeandika mambo manne katika daftari la kikundi.

Dereva akisema gari halitoki, halitoki. Hakuna mwenyekiti wala mweka hazina wa kumlazimisha. Kila siku ya kazi, shilingi 200 zinawekwa kando kwa ajili ya gari, kabla mtu yeyote hajagawiwa. Kila Jumamosi gari linaoshwa chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na mipira inatazamwa. Na nyuma tunabeba mizigo, hatubebi watu.

Siku ya kwanza dereva alipolisimamisha gari, kulikuwa na manung'uniko. Samaki walikuwa tayari, barafu inayeyuka. Mzee mmoja wa wavuvi ndiye aliyetutuliza. Akatukumbusha kwamba sisi wa Kuruwitu tulikwisha kufanya jambo gumu zaidi ya hili. Wavuvi walipoona samaki wanapungua, waliunda chama mwaka 2003, na mwaka 2005 wakafunga kama hekta 30 za bahari zisivuliwe. Wengine walilia kwamba wananyang'anywa riziki. Lakini samaki walirudi, na mwaka 2017 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Yule mzee akasema, "Tuliweza kuilaza bahari. Tutashindwaje kulilaza gari siku mbili?" Tukanyamaza, tukatafuta pikipiki za kubeba samaki siku hiyo.

Yule mama amerudi kwenye makuti yake. Mkono bado unamuuma wakati wa baridi ya kusi. Kila tukikutana humwuliza dereva kwanza, "Usukani vipi leo?" Na dereva lazima ajibu mbele ya watu wote.

Karibuni mtuulize.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, nani ana uwezo wa kusimamisha gari, mashine au mashua ikiwa mbovu? Je, tunamsikiliza?

2. Ni ubovu gani ambao tumeuzoea mpaka hatuuoni tena?

3. Tumeweka fedha za matengenezo, au tunangoja kitu kivunjike ndipo tuchange?