Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Tusiwaachie Madalali Watoto Wetu



  Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema kwenye mkutano wetu wa Alhamisi, na katibu ataniandikia vizuri.

Hesabu za hisa, mikopo na mgao mweka hazina ameshazisoma, sina haja ya kuzirudia. Nimeomba niseme jambo moja ambalo halionekani kwenye vitabu vyake. Ni habari ya mabinti zetu wanaochukuliwa na madalali kupelekwa mijini kufanya kazi za ndani, wengine wasirudi, wengine wakarudi wameumizwa. Na nitaanza na kosa letu wenyewe.

Tulianza mwaka 2015. Mwaka uliofuata mwenzetu mmoja alikuja mkutanoni na shida. Mvua zilikuwa zimekataa, mume yuko kitandani, dukani anadaiwa. Akaomba mkopo wa shilingi elfu hamsini. Alikuwa amekosa mikutano mitatu, na rejesho la nyuma hajamaliza. Katiba yetu ilisema mwenye deni hakopi. Ni mimi niliyesimama nikamwambia, "Mama, sheria ni sheria." Tukafunga sanduku, kufuli zote tatu, tukaimba, tukatawanyika.

Wiki ile ile akaja mama kutoka mjini. Si mgeni, ni mtu wa kwetu kabisa, anajua kusalimia wazee. Akasema kuna familia Mwanza inataka binti wa kukaa na mtoto, atafundishwa cherehani, na mshahara utatumwa kila mwezi. Akaacha shilingi elfu arobaini. Kesho yake alfajiri binti wa miaka 13, yuko darasa la saba, mtihani hajafanya, akapanda basi. Jamani, mama yule hakuuza mtoto. Alidhani anampeleka kwenye nafuu.

Mshahara haukuja. Simu ikawa haipatikani. Kumbe binti alihamishwa nyumba ya kwanza akapelekwa ya pili. Analala jikoni, anaamka saa kumi usiku, akiuliza hela yake anaambiwa bado anadaiwa nauli na nguo. Mwaka 2019 jirani mwenye huruma alitoa taarifa polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Akatolewa, akakaa nyumba ya hifadhi, kisha akaletwa nyumbani. Alikuwa na miaka 16 na kichanga mgongoni. Mengine ni yake, siyasemi. Haya niliyosema nimepewa ruhusa na yeye na mama yake.

Siku aliporudi sikulala. Ile elfu hamsini tuliyomnyima mwenzetu ilikaa sandukuni wiki nzima haina kazi. Dalali alikuja na pungufu ya hiyo, akatushinda.

Baadaye alikuja afisa ustawi wa jamii kutuelimisha. Mimi nilikuwa nadhani biashara ya watu ni mambo ya zamani, ya minyororo na majahazi ya Bagamoyo. Akatwambia nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, ya mwaka 2008. Mtu akimchukua mwenzake kwa nguvu au kwa udanganyifu ili amnyonye, ni kosa, hata kama hajavuka mpaka wa nchi. Na kwa mtoto chini ya miaka 18 hata udanganyifu si lazima uonekane. Kumchukua ili akanyonywe kunatosha. Huwezi kujitetea kwamba mtoto alikubali, wala kwamba mama yake alikubali. Pale ndipo nilipoelewa kwamba lile basi la alfajiri lilibeba kosa, na sisi tulilipungia mkono.

Basi tulikaa tukabadilisha katiba. Mambo matatu.

La kwanza, mfuko wa jamii. Zamani ulikuwa wa misiba tu. Sasa mwanachama mwenye mgonjwa, mwenye njaa nyumbani, au mwenye mtoto anayekosa sare na madaftari, anapewa ndani ya siku mbili, bila riba, hata kama anadaiwa. Tangu mwaka 2016 ada ya sekondari za Serikali mpaka kidato cha nne imeondolewa, tunashukuru. Lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi, na dalali anajua mwezi wa kwanza ndipo tunapobanwa. Tumeona afadhali sanduku liwe jepesi kuliko kijiji kipungukiwe watoto.

La pili, daftari la watoto. Kila mkutano, tukishamaliza hisa, tunaulizana: watoto wako wapi? Anayetaka kumruhusu binti aliyefikisha umri kwenda kazini anasema anakwenda kwa nani, mtaa gani, simu gani, mshahara kiasi gani. Aliyekuja kumchukua anapelekwa ofisi ya kijiji akaandikishwe. Mwenye nia njema anakubali. Wawili walioambiwa hivyo waliaga wanakwenda kununua vocha, mpaka leo hawajarudi!

La tatu ni la anayerudi. Hili ndilo gumu, kwa sababu halitaki hela, linataka tufunge midomo. Yule binti aliporudi, sisi sisi ndio tuliomwita majina kisimani. Alikaa ndani miezi. Siku moja bibi yetu, mwanachama mkubwa kuliko sote, akaenda kukaa naye akichambua mchele, hakumuuliza neno. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Wiki ya tatu binti akatoka naye kwenda kisimani. Tulijifunza hapo. Anayerudi haulizwi, anapokelewa. Tukamkopesha cherehani, akaingia madarasa ya elimu ya watu wazima. Na mwenye umri wa shule asikate tamaa, maana mwaka 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kurudi, hata waliojifungua. Leo binti yetu ana miaka 22. Sare za watoto wengi mnaowaona hapa zimepita mikononi mwake.

Hatuko peke yetu. Dar es Salaam kuna KIWOHEDE, inayohudumia mabinti wa namna hii tangu miaka ya 1990. Mwanza kuna WoteSawa, iliyoanzishwa na Angela Benedicto, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa ndani. Na mtu yeyote anaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo.

Sasa madalali wamepanda ngazi, wanataja Uarabuni. Sisemi asiende mtu. Wapo waliokwenda wakafanya kazi salama wakajenga. Lakini huko ukaazi wa mfanyakazi mara nyingi unategemea mwajiri wake, na akinyang'anywa pasipoti hana pa kukimbilia. Asiye na mkataba aliousoma na kuuelewa, ambao ofisi ya kazi imeuona, asipande ndege.

Namalizia na neno ambalo huenda likawachukiza wengine. Miongoni mwetu tuliokaa kwenye viti hivi wapo wenye mabinti majumbani. Tunasema, "Nimemchukua nimsaidie, ni mtoto wa ndugu." Je, analipwa? Anakula nanyi? Shule anakwenda? Amezungumza na mama yake mwezi huu? Tusimlaani mama wa mjini kumbe naye yumo ndani ya nyumba zetu. Mimi nilijiuliza maswali haya, na nikamrudisha shule mtoto wa dada yangu. Nilichelewa mwaka mzima. Naona haya kulisema, lakini nimesema.

Ndugu mgeni rasmi na wafadhili wetu, mkitaka kutuchangia leo, msiweke kwenye hisa. Hisa tutanunua wenyewe kwa jasho letu. Wekeni kwenye mfuko wa jamii, ili mama mwenye shida atufikie sisi kabla dalali hajamfikia yeye. Nami sitamwambia tena mwenzangu sheria ni sheria kabla sijamuuliza watoto wamekula nini.